Kiingereza cha Ofisini na Maji ya Takwa

Kila aliyesoma shule ya msingi Kenya enzi za mtihani wa KCPE anaijua mvua ya paka na mbwa. Insha ya Kiingereza haikukamilika bila hiyo. Mvua ilinyesha paka na mbwa, mwizi alikamatwa mikono ikiwa myekundu, mjomba wa mjini alikuja kijijini mwezi ulipokuwa wa buluu, na mwalimu alipiga tiki pembeni. Tulikuwa na madaftari mazima ya nahau hizo, tukazihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu chuoni. Mtihani wenyewe umekwisha, wa mwisho ulifanywa mwaka 2023, lakini madaftari yale bado tunayo vichwani.

Kisha mtu anaajiriwa. Mimi niko upande wa mapokezi na buking katika nyumba ya wageni hapa Lamu. Nusu ya kazi ni kujibu imeili za Kiingereza, nusu nyingine ni kuwaeleza manahodha, wapishi na wachukuzi yaliyomo ndani ya imeili hizo. Sijapata kumsikia Mwingereza hata mmoja akitaja paka na mbwa, ila hawa paka wetu wa mitaani ambao kila mgeni huwapiga picha. Nahau kubwa kubwa za insha hawazitumii. Na hata wangezitumia zisingetusumbua, maana ukisikia paka wanaanguka kutoka mbinguni unajua papo hapo kwamba pana fumbo. Unatulia, unauliza.

Zinazotusumbua ni zile ndogo, zenye maneno ambayo kila mmoja wetu anayajua. "Could you pencil us in?" "That's quite good." "Let's touch base on Monday." "You might want to have a look at the pump." Mtoto wa darasa la nne atayasoma yote bila kukwama. Ndiyo maana hakuna anayeuliza: mtu anasoma, anaelewa alichoelewa, anakwenda zake kufanya kazi. Kumbe ya penseli ni kushikiwa nafasi kwa muda tu, "quite good" ni sifa nusu nusu, na "touch base" ni kuwasiliana kidogo.

Chukua hiyo ya pampu. Meneja mgeni kutoka Uingereza anamwambia fundi maneno ambayo, ukiyafuata moja moja, yanasema: huenda ukapenda kuitazama pampu. Fundi anawaza: sina hamu nayo sana, nina tangi la juu linavuja, pampu nitaitazama kesho. Jioni mabafu ya ghorofani hayana maji na meneja amefura, kwa sababu yeye alikwisha amuru. Na ni kweli aliamuru. Kwa Kiingereza cha kwao ile ni amri kamili, imelainishwa tu ili isimkere anayeambiwa. Fundi simlaumu hata kidogo. Aliambiwa "huenda", akafanya ya huenda.

Pampu iliishia bafuni. Kisa cha Takwa kilikuwa kizito zaidi, na kwa kuwa kilizungumzwa mabarazani wiki nzima, sioni ubaya kukisimulia.

Kwa ambaye hajafika, Takwa ni magofu ya mji wa kale katika Kisiwa cha Manda, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Upo msikiti wa Ijumaa, lipo kaburi la mnara, na wako watu wa Shela, kijiji cha huku kwetu kisiwani Lamu, wanaosema wazee wao walihamia kutoka huko. Kwenda kwa mashua unapita mkono wa bahari uliobanwa na mikoko, na mkono huo huwa na maji ya kutosha kwa saa chache tu. Unaingia maji yakijaa, unazunguka magofuni, unatoka kabla hayajakupwa. Ukichelewa, mashua inakaa juu ya tope na wewe unakaa juu ya mashua. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji kwetu hujaa kama saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, kisha kila siku husogea kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo safari ya Takwa haina saa ya kudumu. Nahodha anaijua saa yake kwa kuhesabu mwezi, na kutoka ofisini anachotaka ni mambo mawili: siku gani, watu wangapi.

Wakala mmoja wa London aliandika kwamba wageni wake wanne wangependa kwenda Takwa Alhamisi, na kuhusu saa, "we can play it by ear". Nahau hiyo ni ya wanamuziki: kupiga kwa kusikia tu, bila nota mbele yako, yaani tutaamua hapo hapo. Kijana aliyekuwa zamu akaifikisha kwa nahodha hivi: "Ami, wanasema watasikiliza." Nahodha akafurahi, akaona hao ni watu wa adabu, watasikiliza atakavyosema mwenye bahari. Akasema saa nne asubuhi. Kijana akampelekea wakala saa hiyo, wakala akajibu "sounds good", na kijana akaona mambo yamekwisha. Kumbe kule London saa nne imechukuliwa kuwa pendekezo zuri miongoni mwa mapendekezo mengine. Wageni wakaambiwa waamke wapendapo.

Saa nne nahodha yuko jetini Shela, kila kitu tayari. Saa tano yuko pale pale. Wageni waliteremka saa sita kasoro, wamekunywa chai yao taratibu, wamebeba mataulo. "Mai yatoka, bwana," nahodha akamwambia kijana. Kijana akawaeleza kwa Kiingereza safi kwamba maji yanatoka. Wakajibu "no worries". Hawakuwa na wasiwasi kwa sababu hawakujua maji kutoka maana yake nini. Walidhani wanapewa habari ya mandhari. Naye nahodha alipowaona wametikisa vichwa na kucheka, akajua watu wazima wameambiwa hatari na wameikubali. Wakatweka tanga.

Magofu waliyaona. Waliporudi mashua ilikuwa imelala ubavu katikati ya mikoko, na mbele yake kuna tope jeusi linalometameta, kaa wadogo wakikimbia juu yake. Walikaa humo mpaka maji yaliporudi, saa tatu na ushei usiku, wameumwa na mbu hadi nyayo. Nahodha aliwachomea samaki wawili aliokuwa nao na kuwahadithia habari za Shela kwa mkono na kwa macho, na nasikia walicheka sana. Lakini barua ya malalamiko ilikuja ndefu, na neno "mawasiliano" lilirudiwa humo kila aya, likielekezwa upande wetu tu. Pendekezo lao lilikuwa wafanyakazi wapelekwe kozi ya Kiingereza.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Kozi sikatai, mtu asome mpaka achoke. Lakini kijana yule alisema jambo moja la kweli kwa maneno machache, na wao walisema jambo ambalo halina saa ndani yake. Nani aende kozi?

Tena Kiingereza hiki huwapiga chenga hata wenyewe kwa wenyewe. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia alieleza mkutano wa Waingereza na Wamarekani ambapo Waingereza walitaka hoja fulani iwe "tabled". Kwa Mwingereza hiyo ni kuiweka mezani ijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Wakabishana kwa muda mrefu, na kwa ukali, mpaka walipogundua kwamba wote walitaka kitu kimoja. Hicho ni kisa cha kuchekesha. Kisichochekesha ni cha Vita vya Korea, Aprili 1951, kwenye Mto Imjin. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi ya Waingereza, Tom Brodie, alipoulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje, alijibu kwamba mambo "ni ya kunatanata kidogo". Wachina walikuwa wanawamiminikia kwa maelfu. Mwingereza mwenziwe angesikia: tunaangamia. Mmarekani akasikia: kuna tabu kidogo, watamudu. Kikosi cha Gloucestershire kilizingirwa mlimani, na waliobahatika kuponyoka walikuwa wachache sana. Wengi waliosalia hai walichukuliwa mateka. Wote wawili Kiingereza walikinyonya kwa mama.

Watu wa ndege walijifunza kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kwenye kisiwa cha Tenerife cha Hispania, ukungu umefunga, ndege mbili kubwa ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani msaidizi wa ndege moja, ya KLM ya Uholanzi, akasema redioni kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Mholanzi yalimaanisha tunaruka hivi sasa, na kwa mwongozaji wa ndege wa Kihispania yalimaanisha tumefika mahali pa kurukia, tunangoja. Mwongozaji akajibu "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Hilo la kusubiri halikusikika sawasawa, kwa sababu ndege ya pili, ya Pan Am, ilizungumza wakati huo huo na sauti zikagongana. Watu 583 walikufa. Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi redioni ila ruhusa inapotolewa au inapofutwa. Kabla ya ruhusa husemwa kuondoka tu. Na rubani anayepewa ruhusa lazima airudie kwa maneno yake yote, "OK" peke yake haitoshi. Bado haikumaliza mambo. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani New York mpaka ikaanguka kwa kukosa mafuta. Marubani walisema mafuta yanawaishia, lakini lile neno rasmi la dharura halikutoka vinywani mwao. Kwa mwongozaji, ndege nyingi jioni ile mafuta yalikuwa yanapungua. Walikufa watu 73 kati ya 158.

Ninachokipenda katika habari hizi ni pale ilipofikia. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kuhusu lugha unasema waziwazi kwamba mzigo wa kueleweka usiachiwe wasio wazawa wa Kiingereza peke yao. Mzawa naye apunguze mwendo, aache nahau zake nyumbani. Mabaharia ndio waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha orodha ya maneno sanifu ya kuzungumza melini, Kiingereza kilichokatwa mafuta yote. Maneno ya "huenda" na "ingefaa" yanaepukwa. Kabla ya kusema jambo unaweza kutangaza kwanza ni jambo la aina gani: swali, jibu, ombi, onyo, ushauri, amri, habari, au nia yako. Huulizi kwa kuzungukazunguka kama unaweza kuingia mlangoni mwa bandari. Unasema "Swali", kisha unauliza kama una ruhusa. Na tarakimu hutajwa moja moja. Kiingereza hiki ndicho kinachohitajika hata hapa jirani, bandari ya Kililana, ambako gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021. Meli ikikaribia, nahodha anaweza kuwa Mfilipino, fundi wake Mhindi, na anayeipokea Mkenya. Hapo hakuna wa kupiga kwa kusikia.

Fikiria meneja wetu angetakiwa kutangaza kwanza. "Amri: tazama pampu." Fundi angekuwa chini kabla sentensi haijaisha.

Mzee mmoja barazani, nilipomweleza haya, hakushangaa hata kidogo. Alisema chomboni mambo yalikuwa hivyo siku zote. Nahodha anayesema na mabaharia wake hana methali: tweka, tua, bisha, legeza demani, tia nanga. Baharia anaitikia lile lile neno ili ajulikane kuwa amesikia. Lakini nahodha huyo huyo, jioni, akishaswali magharibi na kukaa kibarazani, humpati kwa neno moja la moja kwa moja. Ukimuuliza kama atauza mashua yake atakujibu habari ya mnazi wa babu yake. Na mkewe ndani amevaa leso yenye maneno yaliyochaguliwa makusudi yamfikie jirani fulani. Sisi watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa uzuri wa fumbo. Tumezaliwa nalo. Ndiyo maana nafikiri tuna haki ya kusema lina mahali pake, na mahali pake si kwenye karatasi ya buking.

Ajabu ni kwamba nahau nyingi za Kiingereza cha ofisini zimetoka chomboni, na watu wa ofisini wenyewe hawajui. Kumwonyesha mtu kazi ni kumwonyesha kamba. Mtu aliyeshtuliwa na habari amekuwa "taken aback", yaani upepo umelipiga tanga kutoka mbele na chombo kimesimama. Na mlevi ana "three sheets to the wind": hizo "sheets" ni kamba za pembe ya chini ya tanga, demani zetu hizi, na zikiachiwa zote chombo huyumba kama unavyojua. Nilimweleza nahodha hii ya mwisho akacheka mpaka akakohoa. Aliielewa kwa haraka kuliko meneja anayeitumia.

Sasa nirudi kwetu, maana nisije nikaonekana nawasema Waingereza tu. Sisi tuna "sawa". Mtu ukimwambia leta mashua ya watu sita, akajibu "sawa", umepata nini? Huenda amekubali. Huenda amesikia tu, kukubali ataamua baadaye. Huenda anataka unyamaze aendelee na simu. Tuna "nakuja", ambayo mtu huisema akiwa anaondoka. Tuna "inshallah", neno tukufu ambalo baadhi yetu tumelifanya pazia la "hapana", na mgeni akiishi hapa kidogo anaanza kulihesabu hivyo, jambo ambalo kwa kweli linanikera, maana mwenye kulisema kwa nia hapati tena kuaminiwa. "OK" ya Tenerife na "sawa" ya jetini ni ndugu wa tumbo moja.

Na tuna saa. Kijana wa boti akimtafsiria mgeni "saa nne" kwa Kiingereza neno kwa neno, mgeni atakuja saa kumi alasiri, na ndege ya Manda imekwisha ruka. Hili kila mtu wa pwani analijua na bado hutokea, hasa kwa simu, hasa mtu akiwa na haraka. Dawa yake ni rahisi na haina falsafa: andika 10:00 na kando yake saa nne asubuhi, kwenye ubao mmoja, kwa chaki moja.

Dawa ya pili ni kurudia ulichoambiwa, kama marubani, na huko kurudia ndiko kulikokuwa na shida. Kumrudishia mkubwa maneno yake kwetu kuna harufu ya utovu wa adabu, unaonekana humuamini, au unamwiga. Kijana wa zamu alipojaribu mara ya kwanza, kwa sauti ya upole, "Ami, ni watu wanne, Alhamisi, saa nne asubuhi, mashua ya tanga?", nahodha alimkata: "Kwani mimi mtoto wa chuo, nisomeshwe?" Aliyemtuliza alikuwa mjukuu wake anayebeba mizigo uwanja wa Manda. Alimwambia rubani mwenye mistari begani hurudishiwa na hurudisha, na asiporudisha haruki. Nahodha alinyamaza kidogo. Siku hizi yeye ndiye anayetuudhi: ukimpigia, hakati simu mpaka umemsomea yote kwa utaratibu, na ukisahau idadi ya watu anakuuliza kama leo umeamka vizuri.

Kwa mawakala wa nje tumeacha kukisia. Imeili ikija na penseli ndani yake, tunajibu kwa kuuliza: je, tumeshika nafasi hii au bado? Ikija na "we're easy on timing", yaani saa yoyote kwao ni nyepesi, tunajibu kwamba maji si mepesi: mashua inaondoka saa hii, ikipita nusu saa safari imefutwa, tafadhali andika ndiyo au hapana. Mwanzoni niliogopa wataona sisi ni wakali. Wengine waliona hivyo, mmoja aliandika kwamba tumekuwa "a bit direct", ambayo, kwa niliyojifunza, kidogo ile si kidogo. Lakini wengi walijibu kwa neno moja la kueleweka, na wako walioshukuru. Wafaransa na Wajerumani ndio walioshukuru zaidi, kwa sababu wao pia walikuwa wanakisia miaka yote.

Kilichobaki ni mameneja wapya, hasa wale wanaokuja kutoka nje. Bado hakuna anayewaambia siku ya kwanza kwamba wao ndio wenye lugha, na kwa hiyo kazi ya kuinyoosha ni yao. Mfanyakazi wa Lamu anayemuuliza bosi wake "una maana gani?" anahisi amejiandikia barua ya kufukuzwa. Atakaa kimya, atakisia, na akikosea ataambiwa Kiingereza chake kibovu. Bosi akianza yeye kusema, "Hii ni amri, ifanyike leo," au "Hili ni wazo tu, usifanye lolote bado," hofu hiyo inapungua bila semina wala cheti.

Na sasa WhatsApp imeleta jambo jingine. Ofisi inatuma: watu sita, Jumamosi, 07:30, saa moja na nusu asubuhi, boti ya mashine. Kinarudi kidole gumba. Wakala anatuma kidole gumba, nahodha anatuma kidole gumba, meneja naye, kisha watu watatu wanafika jetini kila mmoja kwa saa yake. Tumebandika karatasi juu ya meza ya mapokezi: kidole gumba hakihesabiwi kuwa jibu la boti. Nahodha amekubali. Anatuma sauti, anarudia siku, saa na idadi ya watu, kisha anamalizia kwa kidole gumba, kwa sababu mjukuu ndiye aliyemfundisha na anakipenda.